Nimeshatanguliza laki tano ya kamera, mke wangu hajui

Shikamoo Shangazi,

Safu yako naisoma kila wiki, lakini sikudhani ipo siku nitakuandikia mimi. Naomba jina langu usilitaje. Tanga ni mji mdogo na sisi wapiga picha tunajuana hata kwa mabegi.

Nina miaka 35, nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni picha za harusi, na pasipoti saizi pale kibandani kwangu Ngamiani siku ambazo hakuna shughuli. Kamera yangu ni Canon EOS 6D na lenzi yake ya 24-105. Niliinunua mwaka 2018, mtu alikuwa ameshaitumia. Kwa mwaka napiga harusi kama 25, kila moja picha mia nane hivi. Natoza laki nne mpaka laki sita, inategemea albamu. Kamera hii imetulisha, sitaki kuitukana.

Lakini sasa imeanza kunitia aibu. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye sendofu moja Chumbageni. Palikuwa na kijana mwingine, hajafika hata miaka 23, kaletwa na upande wa bwana harusi. Ana kamera mojawapo ya hizi mpya zisizo na kioo ndani, skrini anaigeuza huku na huku, haichuchumalii hata picha ya chini. Mama mmoja wa makamo akaitazama yangu. Rangi imebanduka kwenye pembe, na ule mpira wa kushikia nimeugandisha na gundi ya viatu. Akauliza mbele za watu, "Na hii nayo inapiga?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Usiku ule sikulala.

Kisha kuna picha zenyewe. Kumbi zetu unazijua, giza, halafu DJ anawasha zile taa za rangi zinazozunguka. Fokasi inakwenda, inarudi, inakwenda, na bibi harusi ameshapita. Mwaka huu nimeona tena jambo jingine: picha zimepauka. Hasa taa ikiwa mbele yangu, au bibi harusi akisimama na dirisha nyuma yake, picha inatoka kama nimepiga kupitia chandarua. Mwenzangu mmoja kaniambia sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, imechoka, dawa yake ni kubadili kamera tu.

La tatu nalitaja kwa kifupi. Mwaka juzi nilipiga ndoa moja Pangani. Baada ya nikaha, kadi ikagoma, kamera ikaandika haiwezi kuisoma. Nilimpelekea fundi, akatoa picha kama mia mbili, nyingine nusu ni picha na nusu ni kijivu kitupu. Mkono wa nikaha haukupatikana. Niliwarudishia nusu ya pesa na wakanisamehe. Miezi minne baadaye baba wa bibi harusi akafariki, wakanipigia kuuliza kama kuna hata moja akiwa anamuozesha binti yake. Sina.

Sasa kuna muuzaji Dar ana bodi mbili, yaani kamera bila lenzi, zote zimetumika. Moja ni 6D Mark II, milioni moja na laki nane. Nyingine ni EOS R6, milioni tatu na laki mbili, ila adapta ya kuvalisha lenzi yangu ananipa bure. Ya kwangu ataichukua kwa laki sita. Moyo wangu uko kwenye R6.

Pesa ni za mchezo. Zamu yetu ni mwezi ujao, milioni tatu, na mke wangu amechangia sawa na mimi. Tulikubaliana ni za bati. Nyumba yetu ya Pongwe imefika lenta, imesimama hapo mwaka wa pili, majani yameota ndani.

Shangazi, nimeshatuma laki tano. Nilizitoa kwenye pesa aliyotanguliza mteja wa albamu. Muuzaji kasema atanishikia mpaka tarehe 5. Mke wangu hajui. Na yeye ndiye anayehariri picha zangu zote, kwenye laptopu yetu yenye Lightroom 6 tuliyowekewa zamani. Watoto wakilala anaikalia mpaka saa saba usiku. Aliwahi kuniomba nimfundishe kupiga, awe anaingia kwenye singo na usiku wa hina ambako mimi mwanamume siruhusiwi. Nilicheka, nikamwambia kamera yenyewe moja.

Shabani imekaribia na nina harusi saba. Je, ninunue? Na nikinunua, nimwambieje?

Mpiga picha, Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimwita kijana wangu, yule aliyerithi studio ya marehemu baba yake, tukaisoma pamoja, maana mambo ya R6 na 6D ni ya kwake zaidi. Mimi ni wa mkanda wa picha 36. Nilikuwa chumba cha giza, taa nyekundu, mikono inanuka dawa, nasafisha picha ambazo mume wangu alizipiga mchana. Kwa hiyo ukiniambia kuhusu mwanamke anayekaa na picha za mumewe mpaka saa saba usiku, namjua huyo mwanamke. Nitamrudia.

Unauliza kama ununue kamera mpya. Mimi naona humo umeleta malalamiko matatu na siri moja, ukayafunga yote kwenye kanga moja. Aibu ya Chumbageni, picha zilizofifia, kadi ya Pangani, na laki tano. Kamera inaweza kuwa jibu la baadhi ya hayo. Tuyafungue kwanza tuone ni yapi.

La yule mama sitakaa nalo sana. Aliuliza kama inapiga, inapiga. Kilichokuumiza ni kicheko, na nakuelewa, kwa sababu katika kazi hii mteja anaona kamera kabla hajaona picha. Wapo watakaokuchagua kwa sababu ya kamera ngeni mkononi, hilo lipo na ni biashara. Ila R6 yenyewe ilitoka mwaka 2020. Tayari ipo R6 Mark II ya 2022, na yule kijana wa Chumbageni naye ataulizwa lake siku moja.

Sasa kuna jambo ulilolisema kama unapita njia. Picha zinapauka taa ikiwa mbele, kama umepiga kupitia chandarua. Mwenzako kasema sensa imechoka. Kijana wangu alipofika hapo aliweka simu chini akasema, "Mama, hiyo ni lenzi." Sensa ikiwa na tatizo aghalabu utaona vidoa vilevile mahali palepale katika kila picha, au nukta zinazowaka kwenye giza. Weupe unaotanda mwanga ukija mbele ni tabia ya kioo kilichoingia uchafu au fangasi. Na sisi tunaishi Tanga. Unyevu wa bahari unaingia hata kwenye sukari, utashindwaje kuingia kwenye lenzi iliyolala ndani ya begi la sifongo, zipu imefungwa, chini ya kitanda, toka harusi ya Jumamosi mpaka ya Jumamosi nyingine?

Kuipima hakuna gharama. Toa lenzi kwenye kamera, tundu lake litabaki wazi lenyewe, uwashe tochi ya simu upande mmoja nawe uchungulie upande wa pili kwa mshazari, usitazame tochi yenyewe. Fangasi utaiona kama nyuzi za buibui au kama mizizi midogo iliyoanzia ukingoni mwa kioo. Ikiwa bado changa, fundi wa lenzi anaweza kuifungua na kuisafisha. Ikiwa imeshakula ile rangi ya juu ya kioo, alama itabaki hata baada ya kusafishwa.

Unaona ninakokwenda? R6 unayoitaka utaivalisha lenzi hiyohiyo kwa adapta. Chandarua utahama nacho. Utakuwa umetoa milioni tatu na laki mbili, na bibi harusi wa kwanza atakayesimama mbele ya dirisha atatoka mweupe vilevile. Sisemi ndivyo ilivyo, sijaishika lenzi yako. Nasema ungejua hilo kabla ya tarehe 5.

Kwenye giza la ukumbi, hapo una hoja, na sitaki kukupunja. 6D ya 2012 ina nukta 11 tu za fokasi, na ni ile ya katikati peke yake iliyo imara. Hiyo ya katikati ni hodari kwelikweli, imetengenezwa kushika hata kwenye mwanga wa mbalamwezi, lakini za pembeni ndizo hizo zinazokwenda na kurudi. 6D Mark II ya 2017 ina nukta 45, zote imara. R6 ni dunia nyingine: inatafuta jicho la mtu na kulifuata, bibi harusi akigeuka, akicheza, akiinama kulishwa keki. Na ukipandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, kwenye giza, chenga zake ni chache kuliko za 6D. Mpiga harusi anayeniambia hayo hayamsaidii ananidanganya.

Ila usidanganywe na mengine. Bodi ile ina utulivu wa ndani unaozuia mtikisiko wa mikono yako. Haumzuii anayecheza taarabu asitikisike. Ina shata ya kimya ya kielektroniki, nzuri sana msikitini wakati wa khutba ya ndoa, lakini chini ya taa za LED za ukumbini inaweza kuchora mistari ya giza katikati ya nyuso, na utaigundua nyumbani. Na akikuambia mtu picha zako zitakuwa kubwa zaidi, mwambie akahesabu tena: 6D inatoa picha ya 5472 kwa 3648, na R6 inatoa 5472 kwa 3648. Ni zilezile. Zinatosha ukurasa wa albamu wa inchi 12 kwa 18 na kubaki, na ukizirusha WhatsApp zinabanwa zote sawa, ya mwaka huu na ya mwaka ule.

Je, giza lako lina dawa ya bei ndogo? Lipo la kujaribu. Lenzi yako inafunguka mpaka f/4, na namba hiyo ikipungua tundu linakuwa kubwa. Ile ndogo ya 50mm inafunguka mpaka f/1.8, na hapo unapokea mwanga karibu mara tano. Bei yake ni sehemu ndogo ya bodi. Lakini nayo ina kisirani chake. Ukiifungua yote ukiwa karibu, jicho la bibi harusi kali, sikio limeyeyuka, na bwana harusi aliyesimama nusu hatua nyuma amekuwa moshi. Ukitumia nukta ya katikati kisha ukasogeza kamera kupanga picha, fokasi inaponyoka. Inataka mazoezi, na Shabani ya harusi saba si mahali pa kufanyia mazoezi. Flashi nayo hukuitaja kabisa katika barua yako, nikashangaa. Labda unayo. Kama unailenga darini, tazama wapambaji wametandika kitambaa gani. Kijana wangu aliwahi kupiga familia nzima chini ya dari la zambarau, wakatoka wote kama wamepakwa bilinganya.

Nije Pangani.

Umesema unalitaja kwa kifupi, na kweli ni mistari michache. Lakini aibu ya Chumbageni umeieleza mpaka gundi ya viatu, na hii umeimaliza kwa neno moja: "Sina." Nadhani hili ndilo linalokununulia kamera, mwanangu. Na kama ndilo, basi ni sababu ya maana kuliko zote, na ni haki yako kuisema kwa sauti.

R6 ina nafasi mbili za kadi. Unaipanga kila picha iandikwe kote kuwili, moja ikifa nyingine ipo. Ungekuwa nayo siku ile, mkono wa nikaha ungekuwepo. Siwezi kukuficha hilo. Wala sikufichi kwamba 6D Mark II ina nafasi moja tu, kama hiyo uliyonayo. Ni mpya kuliko yako na ina megapikseli 26, lakini kwa lile lililokuumiza haina jibu. Kama mtu atakusukumia hiyo kwa sababu ya bei, likumbuke hili.

Wakati huohuo, harusi zilipigwa miaka mingi kwa kamera za nafasi moja. Wenye uzoefu hawakai na kadi moja kubwa kutwa nzima. Nikaha ikiisha wanaitoa, wanaifungia mfukoni, wanaweka nyingine. Kadi mpya, za duka linaloaminika, zinafutwa ndani ya kamera yenyewe, hazifutwi kwenye laptopu. Hilo linapunguza hatari, haliiondoi: ile iliyokufia Pangani ilikufa kabla hujapata nafasi ya kuitoa. Na hata kadi mbili ndani ya R6 hazisaidii begi likiibwa kwenye daladala.

Kuna hesabu moja inayokwenda upande wako, na hukuifanya. Harusi 25 kwa picha 800 ni picha elfu 20 kwa mwaka. Kwa miaka saba ni 140,000, bila kuhesabu za aliyekuuzia. Shata ya 6D, lile pazia linalofunguka na kujifunga kila unapopiga picha, Canon waliipimia mizunguko 100,000. Haina maana kwamba ikifika hapo inakufa, nyingine zinakwenda mara mbili ya hapo, na shata hubadilishwa. Lakini unaingia Shabani na harusi saba ukitegemea mzee mmoja asiye na msaidizi. Hapo ningekuwa mimi ningeogopa, kuliko kuogopa maneno ya mama wa Chumbageni.

Sasa mke wako.

Kamera uliyonayo inaandika faili ghafi za aina ya CR2. R6 inaandika CR3. Lightroom 6 iliacha kupata masasisho mwishoni mwa 2017, kabla CR3 haijazaliwa. Kwa hiyo siku utakayoleta kadi ya kwanza nyumbani, mkeo ataichomeka, na picha hazitafunguka. Kuna programu ya bure ya Adobe ya kuzigeuza ziwe DNG, halafu zitafunguka, lakini ni hatua nyingine juu ya picha mia nane, na laptopu ya zamani, na saa saba usiku. Unaweza kupiga JPEG tu ukaepuka hayo, na ukapoteza nafasi ya kuokoa picha za giza, ambazo ndizo ulizonunulia kamera. Ama mlipie programu mpya kila mwezi, na pengine laptopu mpya. Hayo yote yanaangukia meza yake, naye hajui kama kuna kamera.

Nitakuhadithia langu. Mume wangu aliwahi kununua kamera bila kuniambia. Nilijua siku nilipokwenda dukani kununua mafuta ya taa, na jirani akanishika mkono: "Hongera, naona mmebadili kamera." Nikajibu, "Alhamdulillahi," nikatabasamu, nikalipa, nikaondoka. Chenji nikaisahau. Kamera ilikuwa nzuri. Watoto walisoma kwayo, na mmoja ndiye huyu anayenisomea barua yako. Wala hatukugombana sana. Lakini usiku ule nilikuwa chumba cha giza, picha inajitokeza polepole ndani ya beseni, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza: hii kazi ni yetu, au ni yake mimi namsaidia? Swali hilo hakulijua mpaka anaondoka duniani, Mungu amrehemu. Sikumwambia.

Sijui mkeo atajiuliza nini. Wewe ndiye unayemjua.

Lakini yeye alishakuambia jambo, ukacheka. Alitaka kuingia kwenye singo na hina. Mwanangu, unajua pesa iliyopo humo? Mama zetu hawataki mwanamume pale, na bibi harusi akishapakwa hina anataka picha nzuri kuliko za simu ya binamu. Ulimjibu kamera ni moja. Sasa unazungumzia kamera mbili, na ya pili unampa muuzaji kwa laki sita. Ile iliyobanduka rangi, iliyogandishwa na gundi, pale ndani ya hina hakuna atakayeiuliza kama inapiga. Na siku unayopiga harusi, ingekuwa ndiyo msaidizi wako ile mpya ikigoma.

Usilichukue hili kama jawabu. Linaweza kuwa mzigo. Ataingia kwenye hina usiku, watoto watabaki na nani? Na akirudi, atahariri zake na zako? Huenda aliuliza mwaka juzi na sasa hana hamu tena. Na shata ni ileile iliyopita 140,000. Ila sioni unavyoweza kuamua kuiuza kabla ya kumuuliza swali hilo tena, safari hii bila kucheka.

Pesa nazo zina kalenda yake. Mchezo ni milioni tatu. Ukinunua R6 na ukauza ya zamani, baada ya laki tano ulizotuma utatoa milioni mbili na laki moja, utabaki na laki tisa. Ukiibakiza ya zamani utabaki na laki tatu, na hapo hujanunua kadi mbili wala hujasafisha lenzi. Na zile laki tano ni za albamu ya mtu, atakuja kuidai. Shabani itakuingizia. Halafu Ramadhani, hakuna harusi, kuna futari na nguo za sikukuu, mpaka Mfungo Mosi ndio simu zianze kulia tena. Wapo waliopita hapo wakiwa na kamera mpya na wakavuka vizuri, kwa sababu kazi za Shabani zilikuwa nyingi. Wapo walioiuza wiki ya pili ya mfungo kwa bei ya kutupa. Kusubiri mpaka Mfungo Mosi kunakupa nafasi ya kupumua, na pengine bei itashuka; lakini unaweza kupoteza laki tano, na unapiga Shabani nzima na mzee wako. Kukodi bodi ya pili kwa mwenzako kwa zile harusi mbili tatu kubwa ni njia nyingine, kama yupo anayekuamini hivyo.

Ukiamua kwenda Dar, nenda mwenyewe, na ikiwezekana mwende wawili. Chukua lenzi yako na kadi zako mbili. Piga picha mia, jaza nafasi zote mbili, rekodi video dakika nyingi uone inavyopata joto, maana R6 ikirekodi 4K mfululizo hupata moto mpaka ikajizima, na joto la Tanga halihitaji kusaidiwa. Betri zako za LP-E6 zitaingia, lakini kamera hizi zinakula: kwa vipimo vya kiwandani 6D inapiga zaidi ya picha elfu moja kwa chaji, R6 haifiki nusu ya hapo. Taka risiti yenye namba ya bodi. Na muulize mapema, kwa maandishi, usiponunua laki tano zinarudi au hazirudi. Jibu lake litakuambia mengi kuhusu yeye.

Kumwambia mkeo: umeniuliza utamwambiaje ukishanunua. Mimi najiuliza itakuwaje ukimwambia kabla. Inaweza kuwa mbaya. Anaweza kusema bati ni bati, na atakuwa na haki, pesa nusu ni zake. Anaweza kunyamaza, ambako ni kubaya zaidi. Na anaweza pia kukuambia jambo kuhusu picha zako ambalo mimi na kijana wangu hatuwezi kulijua, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyezitazama kama yeye. Amezikuza mpaka kope. Huenda ameshakiona chandarua zamani akanyamaza, akawa anakiondoa usiku, picha moja moja, ili wewe usiaibike kwa wateja.

Mimi kama ni wewe ningeanzia hapo. Leo watoto wakilala, usianze na laki tano. Toa lenzi, zima taa ya chumbani, umwombe akushikie tochi. Mchungulie wote wawili. Halafu, kabla hajaiweka chini, mwambie.

Ukiona zile nyuzi, niandikie. Nina fundi wa kukuelekeza.

Shangazi yako